Sahihi za Mtu wa Tisa

Kilichomshangaza Bi Nukta siku ya kwanza katika ofisi ile hakikuwa kosa. Ilikuwa tabia. Kila mtu aliyepita karibu na meza ya pembeni, ile iliyobanwa kati ya dirisha na kabati la mafaili, alinyoosha mkono, akabonyeza kitufe kirefu cha chini kwenye kibodi, kisha akaendelea na safari yake. Karani aliyekumbatia mafaili alibonyeza kwa kiwiko. Mhudumu wa chai alisimama, akaegemeza sinia kwenye nyonga, akabonyeza kwa kidole gumba. Hata dereva, ambaye hakuwa na shughuli yoyote mle ndani zaidi ya kuulizia chai, alibonyeza akienda na akabonyeza akirudi. Hakuna aliyetazama skrini.

Mtu mwingine angesema ni mchezo wa watu wasio na kazi, akapita. Bi Nukta hakuwa na kipaji hicho cha kupita. Mama yake mzazi alikuwa akiwasimulia wageni kwamba binti huyu alianza kuuliza maswali kabla ya kuota meno, na kwamba mashangazi zake walikuwa wakimwona tu anaingia sebuleni, wote wanakumbuka wameacha nguo kwenye kamba. Mama alitia chumvi, lakini si nyingi. Udadisi uleule uliompa viboko utotoni sasa ulimpa mshahara: alikuwa mkaguzi wa usalama wa mitandao ya serikali.

Safari hii alitumwa kwenye ofisi inayotoa vibali vya dawa zinazodhibitiwa, yaani mofini, dawa za usingizi wa upasuaji na nyingine ambazo hospitali haiwezi kununua hata chupa moja bila sahihi ya kielektroniki ya afisa aliyeidhinishwa. Kanuni mpya ya nchi ilikuwa na umri wa miezi kumi na minne. Ilisema mambo mengi kwa lugha ya kuvunja meno, lakini kiini chake kilielezeka kwa pumzi moja: akaunti ya mtu ni ya mtu huyo peke yake. Ukimwachia mwenzako akaunti yako, wewe na yeye mnasimamishwa kazi siku hiyohiyo, na kurudi ni majaliwa.

Na hapo ndipo ofisi ile ilipojitia kitanzi. Wiki mbili nyuma msajili wake, mama mmoja mwenye sauti ya kuamrisha hata anapoomba chumvi, alihudhuria semina makao makuu. Alikaa mstari wa mbele, akachangia hoja, akapigiwa makofi. Saa hizohizo akaunti yake ilitia sahihi vibali kumi na saba.

Kazi ya Bi Nukta ilikuwa kujua ni nani aliyetia sahihi zile, na kumpeleka nyumbani kabla ya saa kumi jioni ya siku ya pili.

Jina la Bi Nukta nalo lilitoka kwenye kanuni hiyohiyo. Wakati wanaiandika, ilionekana kamera ya kuingilia kwenye mfumo inadanganyika kirahisi: unaiwekea picha ya mtu iliyochapwa kwenye karatasi, inakukaribisha kama mkwe. Wazee wa kamati walikuna vichwa wiki nzima. Yeye ndiye aliyependekeza nukta. Unapoingia, nukta ndogo nyekundu inatembea kwenye skrini, nawe unaifuata kwa macho. Picha ya karatasi haina macho ya kuzungusha. Walijaribu kwa watu mia mbili, hakuna aliyeshindwa. Kikawa kifungu cha tisa, na wenzake wakambatiza. Alijifanya halipendi jina hilo, lakini alikuwa amelipenda sana.

Asubuhi ile ya kwanza aliamkia mlangoni kwa sauti ya kukagua, ile ya kusema "hamjambo nyote" huku macho yanahesabu nyaya. Wote waliitikia. Baba aliyeketi kwenye meza ile ya pembeni aliinua kichwa haraka, akakigeuzia mlangoni, akakaa hivyo kwa muda, kisha akarudi kwenye simu yake. Bi Nukta aliona fimbo nyeupe imening'inia kwenye kitasa cha dirisha, akaona hedifoni, akasikia wanamwita Opareta. Akajua kila alichotaka kujua: baba asiyeona, ndiye mpokea simu wa jengo. Akampita, na huko ndiko alikokosea, ingawa alihitaji siku moja na zaidi kuligundua kosa lenyewe.

Alianza na msajili, ambaye watu wote walimwita Mama Msajili. Alimwekea mbele orodha ya sahihi kumi na saba na saa zake, akamuuliza kwa heshima ni nani aliyetia.

"Mwanangu," alijibu yule mama bila kuitazama orodha, "msajili ni mimi. Sahihi ni zangu."

Akakunja mikono. Bi Nukta alizunguka huku na huku, akauliza hivi, akauliza vile, akapata jibu lilelile. Makarani wanne nao walikuwa wamekauka kama waliokunywa maji ya bendera. Mhasibu alisema yeye ni mtu wa tarakimu tu. Alipomuuliza karani mmoja, kijana mrefu waliyemwita Ngazi, kwa nini wanabonyeza kile kitufe, alipata angalau mazungumzo.

"Ni mazoea tu, dada. Ukipita, unabonyeza."

"Na msipobonyeza?"

"Inalala."

"Inalala nini?"

Ngazi akakumbuka ana barua ya kupeleka ghorofa ya chini.

Basi akarudi kwenye kumbukumbu za mfumo. Mfumo ulionyesha ofisi, haukuonyesha meza. Ulionyesha kwamba akaunti ya Mama Msajili hufunguliwa kila siku ya kazi, hata ile ya semina, saa moja na dakika kumi na mbili asubuhi, kwa uso wake mwenyewe na macho yake mwenyewe, nukta ikifuatwa bila kasoro. Kuanzia hapo haifungwi mpaka saa saba mchana. Hapo alielewa kinacholala: mfumo ukikaa dakika tano bila kuguswa hujifunga, na kuufungua tena kunahitaji uso. Kwa hiyo kulikuwa na mtu anayefanya kazi ndani ya akaunti ya mama yule asubuhi nzima, na ofisi nzima, kuanzia mhasibu mpaka dereva, ilikuwa inamlindia mlango. Lakini kibodi waliyoibonyeza ilikuwa ya mpokea simu. Akajiambia kwamba kompyuta ile ndiyo inayowashwa tu, na sahihi zinatiwa kwingine kupitia waya wa ofisi. Maelezo yalikuwa ya kitaalamu sana, nayo yalimridhisha.

Akaunti za ofisi zilikuwa tisa, zimeorodheshwa kwa vyeo, si kwa majina. Nane zilikuwa za watu aliokwisha kuwaona. Ya tisa, ya Afisa Vibali Daraja la Pili, ilikuwa imefungwa tangu siku ile kanuni ilipoanza kazi: majaribio kumi na moja ya kuingia, yote yameshindwa, kisha kimya cha miezi kumi na minne. Bi Nukta akaandika pembeni: mtu alijaribu kuivunja. Akaongeza: nafasi wazi.

Kisha akaanza kusoma maoni. Kila kibali kilikuwa na kisanduku ambamo anayeidhinisha anaweza kuandika neno, na katika ofisi nyingine alizokagua visanduku hivyo vilikuwa vitupu, au vina neno "sawa" kuanzia Januari hadi Desemba. Hapa vilijaa. "Nimepiga simu. Muuguzi ana haraka, nyuma yake mgonjwa analia. Kiharakishwe." "Nimepiga mara tatu. Daktari anajibu kama anasoma kwenye karatasi. Nimemuuliza idadi ya vitanda, akanyamaza. Kingoje." Na kimoja kilichomfanya acheke peke yake mpaka mhudumu akachungulia: "Zahanati hii imeomba chupa arobaini. Nimepiga saa nne asubuhi. Muziki mkubwa, glasi zinagongana, mtu anadai chenji yake. Kimekataliwa."

Alisahau chai ikapoa. Alisoma mamia. Huyu mvunja sheria, yeyote aliyekuwa, alimpigia simu kila mwombaji kabla ya kutia sahihi, jambo ambalo kanuni haikulidai na hakuna ofisi nyingine iliyolifanya. Alikuwa amekamata hospitali hewa tatu. Tuzo ya ofisi bora, iliyoning'inia nyuma ya kiti cha Mama Msajili ikiwa na jina la Mama Msajili, ilitokana na hospitali hewa hizo. Bi Nukta alianza kumpenda mtu ambaye alitumwa kumfukuza, na hilo lilimkera. Kwenda kulala alienda, lakini usingizi ulikuwa wa kuonjaonja.

Siku ya pili, alipokuwa anapita kwenda kwenye kiti chake, alijikuta naye amebonyeza.

Alisimama akautazama mkono wake kama wa mtu mwingine. Opareta, ambaye alikuwa anasubiri mtu kwenye simu, alisema ahsante bila kugeuka.

Saa nne alipata wazo lililokuwa rahisi mpaka likamtia aibu kwa kuchelewa. Aliita mkutano. Alitaka kila mfanyakazi, bila kubakiza, aingie chumba cha mikutano na aache simu yake mezani kwake. Waliingia wakiburuta miguu: Mama Msajili, makarani wanne, mhasibu, dereva, mhudumu. Alihesabu vichwa, vikawa vinane, akafunga mlango mwenyewe. Kisha akaweka kishikwambi chake mbele yake, kumbukumbu za mfumo zikiwa wazi, akaanza kuwaeleza faida za neno la siri lenye herufi nyingi.

Dakika ya nne, akaunti ya Mama Msajili ikatia sahihi kibali. Mama Msajili alikuwa ameketi hatua mbili kutoka kwake, mikono imekunjwa. Dakika ya saba, kingine. Bi Nukta aliendelea kuzungumza lakini hakujua tena anasema nini. Aliwahesabu upya mmoja mmoja, wanane. Wao walikuwa wanatazama meza, wote, kama watoto waliovunja sahani. Ila Ngazi alikuwa anatazama mlango kwa wasiwasi, na ghafla akasema kwa sauti ndogo kwamba dakika zinakwenda na hakuna mtu wa kupita pale kwenye meza ya pembeni.

Hapo ndipo alipomhesabu. Hakuwa amemwambia aje mkutanoni. Alisema "kila mfanyakazi, bila kubakiza," akapita mbele ya meza ya mtu yule, akambakiza.  Alifungua mlango akatoka bila kuaga.

"Karibu ukae, binti," alisema Opareta kabla hajamfikia. "Kiti kiko kushoto kwako. Nimekungoja tangu jana."

Aliketi. Kwenye skrini ya baba yule maandishi yalikuwa yanakimbia, na kutoka kwenye hedifoni aliyoiteremsha shingoni ilisikika sauti ya mashine ikisoma kwa kasi ya ajabu, isiyoshikika kwa sikio la Bi Nukta. Mezani kulikuwa na karatasi nene zenye vidotidoti vya kusomwa kwa vidole. Aliviona vyote hivyo tangu jana. Aliuliza, na sauti yake haikuwa tena ya kukagua, kama yeye ndiye Afisa Vibali Daraja la Pili.

Ndiye. Alimweleza bila kulalamika, kama mtu anayetoa maelekezo ya njia. Kwa miaka ishirini na miwili alipokea simu za ofisi hii, mpaka simu za kuunganishwa kwa mkono zikaondolewa na yeye akaambiwa apumzike. Hakupumzika. Alisoma miaka miwili, akafanya mtihani wa maafisa vibali, akafaulu akiwa wa pili kati ya watu thelathini na mmoja. Jina la Opareta lilibaki kwa sababu watu ni wavivu wa kubadilisha midomo. Alipewa akaunti yake, akatia sahihi vibali vya miezi minane kwa jina lake. Kisha ikaja kanuni, na ndani ya kanuni kifungu cha tisa.

"Ulijaribu mara kumi na moja," alisema Bi Nukta.

"Nilidhani ni mimi ninayekosea."

Mama Msajili alikuwa amewafuata, na wengine nyuma yake. Sasa mama yule aliyekuwa ukuta aliamua kusema. Alisema aliandika barua tatu makao makuu kueleza kwamba afisa wake haoni na hawezi kufuata nukta. Barua mbili hazikujibiwa. Ya tatu ilijibiwa, naye alikuwa ameihifadhi, akaitoa kwenye mkoba wake na kumpa mkaguzi aisome mwenyewe. Ilikuwa na mistari miwili. Ilishauri chumba kiwe na mwanga wa kutosha na mtumiaji atazame kamera moja kwa moja.

Hakuna aliyecheka. Bi Nukta alijua dawati lililoandika jibu lile. Liko hatua kumi kutoka mezani kwake, na walioandika jibu hilo ni watu wema, wanaojibu barua mia kwa siku.

"Tukabadilisha taa," alisema Opareta. "Ngazi alipanda juu ya meza, akaweka kubwa."

Baada ya taa, Mama Msajili alianza kuja saa moja asubuhi, kukaa kwenye kiti hiki, kufuata nukta kwa macho yake na kumwachia Opareta nafasi. Kuanzia hapo baba yule hakuinuka mpaka mchana. Hakunywa chai nyingi, kwa sababu chai ina matokeo yake. Akiwa kwenye simu ndefu, mikono imeshikwa, waliopita walimbonyezea.

Bi Nukta alitaka kusema jambo la kueleweka, kwamba alisikitika, kwamba walijaribu kwa watu mia mbili. Aliona sentensi hiyo inavyokuja, akaona aibu, akauliza swali badala yake, maana maswali ndiyo aliyoyajua. Aliuliza mashine inasema nini hasa mtu anapoingia bila kuona.

Opareta alichomoa waya wa hedifoni. Alifungua ukurasa wa akaunti yake iliyofungwa, na spika ndogo ya kompyuta ikasema, kwa sauti safi ya mwanamke, katika chumba kizima: "Akaunti yako imefungwa. Ili kuifungua, fuata nukta kwa macho. Fuata nukta kwa macho. Hukufuata nukta."

Ilikuwa sauti ya Bi Nukta mwenyewe. Mwaka juzi, walipokosa fungu la kumlipa msomaji, alijifungia kwenye stoo ya karatasi na kurekodi maelezo yote kwa simu, akifurahi kwamba maboksi yanaua mwangwi. Hakuwa ameisikia tena tangu siku ile, kwa sababu mtu anayeona huifuata nukta kabla sauti haijamaliza kuzungumza.

"Nilikujua jana ulipoamkia mlangoni," alisema Opareta. "Nikasema, kumbe ni mtu. Maana nilikwisha kukuzoea kama mashine."

Alisema kwa upole, karibu kwa utani, na hilo ndilo lililomuumiza Bi Nukta kuliko kama angefoka. Machozi yalimlenga. Alimshukuru Mungu kwamba hayaonekani, kisha akakumbuka kwamba yanaonekana kwa wengine wote, akapenga kamasi bila kuona haya.

Saa tisa alikaa chumba cha mikutano na fomu ya ripoti. Mahali pa kwanza paliuliza jina la aliyetumia akaunti isiyo yake. Alifikiri kwa muda mrefu, halafu akaandika: hakutambulika. Lilikuwa jibu halali. Wakaguzi hulitumia. Lingeandikwa hivyo, akaunti ya Mama Msajili ingefungwa na kufunguliwa upya, ofisi ingepewa onyo, na hakuna ambaye angesimamishwa. Opareta angekaa mezani pake bila sahihi, lakini na mshahara, mpaka kustaafu. Alimwita yeye na Mama Msajili, akawaeleza alichofanya na kwa nini. Alidhani amewafanyia hisani, na kwa kweli alikuwa amewafanyia.

Mama Msajili alifumba macho, akashusha pumzi aliyoishika miezi kumi na minne. Alimshika mkaguzi bega, akamwita mwanangu, na safari hii neno lilikuwa na maana yake.

"Futa," alisema Opareta.

Mama Msajili alimwambia anyamaze. Alimwambia ana mke, ana miaka mitano tu ya kumalizia, asijitie motoni kwa kiburi. Opareta alimsubiri amalize.

"Binti yangu ni muuguzi," alisema, akimgeukia Bi Nukta. "Wodi ya saratani. Boksi la mofini likifika wodini lina karatasi ya kibali juu yake, na chini ya karatasi pana jina la aliyeidhinisha. Miezi ile minane ya kwanza alikuwa akiwaita wenzake: njooni mwone, huyu ni baba yangu. Siku moja jina likabadilika. Akanipigia, baba, wamekushusha cheo? Nikamwambia nimehamishiwa mambo makubwa zaidi. Akasema hongera. Lakini mimi kazi yangu ni kusikiliza watu kwenye simu. Najua mtu anaposema hongera na hajaamini."

Akaweka viganja vyote viwili mezani, akaendelea.

"Vibali elfu mbili na mia tatu na kumi na vinne. Kila kimoja nilipiga simu. Wewe unaandika havikufanywa na mtu. Andika nilivifanya mimi. Wakinifukuza, wanifukuze kwa jina langu."

Mama Msajili alianza kulia, mama yule wa kuamrisha, akalia kwa sauti, akisema kwamba tuzo ile ukutani humchoma mgongo kila anapoketi.  Bi Nukta alikuwa anaitazama fomu. Saa kumi kasoro dakika kumi na tano.

Chini ya jina palikuwa na swali la chanzo cha ukiukaji, na nafasi tatu za kuweka alama: mtumiaji, kifaa, kanuni. Akiweka alama kwenye mtumiaji, wawili hawa wanaondoka leo. Kwenye kifaa asingeweza, kamera ilikuwa nzima. Nafasi ya tatu iliwekwa kwa ajili ya sura nzuri tu. Tangu fomu itungwe, hakuna mkaguzi aliyewahi kuigusa. Ukiigusa, hasimamishwi mtu yeyote. Waliohusika wanaendelea na kazi kwa sahihi ya wino na muhuri mpaka kamati ikutane, na mbele ya kamati anaitwa mtu mmoja tu, aliyetunga kifungu, aeleze alikuwa anafikiri nini. Ila nafasi hiyo haifunguki kama mahali pa jina pameandikwa hakutambulika. Kanuni haiwezi kushtakiwa kwa kumdhuru mtu asiyekuwepo.

Alifuta neno alilokuwa ameandika. Akamwomba Opareta jina lake. Siku mbili nzima, mdadisi mkubwa yeye, alikuwa hajamuuliza.

Alimtajia majina matatu, lake, la baba yake na la babu yake, polepole, naye akayaandika. Akamsomea. Opareta akasema babu alipenda jina lake litamkwe lote, asilikate. Akalisoma upya, lote.

Kisha akaweka alama kwenye nafasi ya tatu. Kisanduku kipya kikafunguka na kuuliza mtunzi wa kifungu husika. Mama Msajili, ambaye alikuwa amesimama nyuma yake anafuta macho kwa kiganja, aliona anachoandika, akamuuliza kama ana uhakika, maana yeye naye ni mtoto wa watu.

 Bi Nukta aliandika jina lake kamili, lile la kwenye cheti cha kuzaliwa, akabonyeza tuma. Opareta, aliyesikia vitufe lakini hakusikia jina, aliuliza ni nani huyo wa pili aliyeandikwa chini yake.

"Ni mimi, baba," alisema.